Ushahidi wa Mama

Katika kadhia ya watoto wenye ulemavu wa akili shahidi wa kwanza ni mama, naye ndiye ambaye ushahidi wake hupuuzwa kuliko wa wote. Kwani yeye aliyejifungua mtoto aliyekawia kulia, au aliyeiona shingo yake imelegea ilhali wenziwe wa umri ule wamekwisha kuketi, huichukua hofu yake mpaka kliniki, na baada ya mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, huambiwa asiwe na haraka, atakua tu. Nyumbani nako mama mkwe hunong'ona habari za mashetani, na baba hunyamaza.

Kauli hiyo ya kliniki, ijapokuwa hutolewa kwa nia ya kufariji, yaweza kudhuru: mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, mathalan, akianzishwa dawa katika majuma ya mwanzo aghalabu hunusurika na ulemavu wa akili, na akicheleweshwa, hasara ile hairekebishiki. Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu mwaka 1984, kwa auni ya Denmark, jambo la kushukuriwa. Ila kwa kuwa ni vituo vya elimu, wengi huvifikia umri wa shule umewadia, hali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, wataka huduma zianze mapema iwezekanavyo.

Akina mama wenyewe hawaukatai msaada wa mapema, kama wadhanivyo baadhi ya maofisa. Wanalolalamikia, na kwa maoni yangu wana haki, ni kwamba msaada huo hugeuka kazi ya mtu mmoja: huambiwa wamnyooshe mtoto viungo, wamsemeshe, wamfunze kushika kijiko, wamrejeshe hospitali kila juma, pasi na mtu kuuliza nauli itatoka wapi, wala nani atakayekaanga mahamri ya biashara asubuhi ile, na mama akikosa mara mbili huitwa mzembe. (Baba asiyefika hata mara moja haitwi lolote.)

Basi muuguzi na aandike maneno ya mama katika kijitabu cha mtoto, kando ya uzito, na hofu ikirudiwa mara ya pili, mtoto apelekwe kwa tabibu bila hoja. Mazoezi nayo yafanyike zahanati ya karibu, siku ile ile ya chanjo, na wito uandikwe kwa jina la baba pia.