Tamaa ya Kasuku si Hitaji la Mwili Wake

Miongoni mwa wafugaji wa kasuku imezoeleka kauli kwamba ndege hujua mwenyewe kinachomfaa, na kwamba anapolilia ugali, chipsi au chai ya maziwa hana budi kupewa, kwa kuwa mwili wake ndio unaodai. Kauli hiyo, inayotamkwa kwa uhakika hata na watu wasiowahi kumwona kasuku nje ya tundu, ni ya uongo, na madhara yake humwangukia kiumbe asiyeweza kujitetea ingawa amefundishwa kusema.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Bonde la Kongo hadi Uganda na magharibi mwa Kenya, ni ndege wa kundi. Kinda halizaliwi likijua tunda lipi huliwa. Hujifunza kwa kuwatazama wakubwa wake. Anapofungiwa peke yake sebuleni, familia ndiyo inayokuwa kundi lake na sinia lao ndilo mti wake, kwa hiyo kinachomfanya apige kelele chapati inapokatwa ni hamu ya kula pamoja na wenzake, wala si upungufu wowote wa unga katika damu yake. Alex, kasuku aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani kuanzia mwaka 1977 hadi alipokufa mwaka 2007, aliomba ndizi kwa jina na kukataa kitu kingine alichopewa badala yake. Aliitamani ndizi kwa sababu alilelewa na watu waliompa ndizi. Tamaa hufundishwa, na mwalimu wake ni yule yule anayeitoa kama ushahidi.

Kama mwili wa kasuku ungekuwa mshauri mwema, angeyakimbia maparachichi, ambayo yana persini, yaani sumu inayoudhuru moyo wa ndege, na pia chokoleti, ambayo theobromini yake inaweza kumuua. Wala asingefurahia maziwa, kwani ndege hana kimeng'enya cha kuvunja sukari iliyomo ndani yake. Ni vyema pia uzito ukumbukwe: kwa kasuku wa gramu 450, gramu 5 za chipsi zenye chumvi na mafuta ni sawa na zaidi ya robo tatu ya kilo kwa mtu wa kilo 70.

Wapo wanaojibu kwamba kasuku wa bibi yao alikula ugali na chai kwa miaka 20 bila kuugua. Jibu hilo halistahili heshima ya hoja, kwa maana kasuku aliyetunzwa vizuri huweza kuvuka miaka 40, na aliyekufa katika nusu ya umri wake hakuthibitisha ubora wa chai. Aidha, ndege huficha ugonjwa hadi siku anapoanguka kutoka kijitini akiwa na degedege, ambayo kwa kasuku wa kijivu mara nyingi hutokana na upungufu wa kalisi, madini yanayojenga mifupa na kuendesha mishipa ya fahamu.

Lawama haziishii mezani. Wauzaji wanaomkabidhi mnunuzi tundu na mfuko wa alizeti tupu, mbegu zenye mafuta mengi lakini kalisi na vitamini A kidogo, wanauza maradhi. Na wanaonunua ndege walionaswa porini wanaendeleza uporaji uliosababisha nchi zilizokutana Johannesburg mwaka 2016 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao kupitia mkataba wa CITES.

Tiba inaanzia palepale tamaa ilipozaliwa. Wenye nyumba wale mbele yake boga, karoti, viazi lishe na sukuma wiki, visivyotiwa chumvi wala mafuta, na waonyeshe kuvifurahia, kisha wampe kipande asubuhi akiwa na njaa. Mchicha usiwe wa kila siku, kwa sababu asidi ya okzaliki iliyomo huizuia kalisi isitumike mwilini. Matunda ya mchikichi, ambayo huyala sana porini, yana rangi ya chungwa inayogeuzwa kuwa vitamini A, na jua la asubuhi lisilopita kwenye kioo humpa vitamini D. Alizeti ipunguzwe kwa majuma mengi, asishindishwe njaa kamwe, na apimwe kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito, mabadiliko yasitishwe na daktari wa wanyama aonwe. Nyumba isiyokuwa tayari kubadili sinia lake haina budi kumlisha kwanza, kisha kulihamishia tundu chumba kingine mpaka vyombo vitakapoondolewa.