Binti anayecheza mpira chuoni: baada ya miaka 4, nini?

Tangu tarehe 1 Julai 2025, vyuo vikuu vya Marekani vilivyoingia katika mapatano mapya ya mahakama vinaweza kuwalipa moja kwa moja wanafunzi wanaovichezea, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa masomo wa 2025-26. Habari hii inatugusa. Jamaa nyingi za mashariki mwa Kongo zilipelekwa Marekani kama wakimbizi, na mabinti zao wanasoma na kucheza huko.

Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea pesa za serikali kuu. Ndiyo iliyowafungulia wasichana viwanja na ufadhili wa masomo. Lakini pesa hizi mpya zinaelekea kwingine. Februari 2025 serikali ilifuta mwongozo uliotaka zigawanywe kwa haki kati ya wanaume na wanawake, na vyuo vikubwa vinatoa sehemu kubwa kwa wanaume wa futiboli ya Kimarekani na basketi.

Basi binti asitegemee mshahara wa mchezo. Katika basketi ya wanawake, vyuo vya ngazi ya kwanza vina timu zaidi ya 350. Ligi ya kulipwa, WNBA, mwaka 2025 ilikuwa na timu 13, kila moja wachezaji wasiozidi 12. Walio wengi wataacha mpira wakipata diploma. Kitakachowalisha ni kazi nyingine.

Shida iko hapo. Wakati wa msimu, kanuni zinaruhusu saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki, bila kuhesabu safari. Likizo ikifika, wenzake wanakwenda kujifunza kazi ofisini na hospitalini, naye yuko uwanjani. Anamaliza akiwa na nidhamu na uvumilivu, lakini hana kazi hata moja ya kuandika katika barua ya maombi.

Tangu tarehe 1 Agosti 2024, vyuo vya ngazi ya kwanza vinapaswa kutoa ushauri wa kazi, kugharamia matibabu ya majeraha ya mchezo kwa miaka 2 baada ya chuo, na kumsaidia aliyekuwa na ufadhili kamili amalize masomo hata miaka 10 baadaye. Anayefaidika ni yule anayejua kuuliza.

Mtume Paulo hakudharau mazoezi ya mwili. Aliyapa kipimo chake. Nasi tunawaomba wazazi waulize kabla ya kutia sahihi: Nani atamwongoza kutafuta kazi? Ataachiwa likizo ya kujifunza kazi? Akitaka uuguzi, na saa za masomo zikigongana na mazoezi, itakuwaje? Na ninyi wauguzi, walimu na wahasibu wa makanisa ya kule, mpokeeni kazini kwenu hata wiki 2. Tulimpigia makofi alipokuwa akishinda. Tusimwache siku anapovua viatu vya mchezo.