Daktari na aulize: unafanya kazi gani?



Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari ya mishahara, ya mikataba, na ya vibarua wanaoondolewa kazini bila barua. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya masomo ya madaktari na uchunguzi wa magonjwa. Msiseme hayo ni mambo ya wasomi, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana, tena yanahusu mfuko. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, lakini kazi ya chama imenionyesha kwamba mfanyakazi anaweza kupoteza haki yake ndani ya chumba cha daktari, kabla hajafika hata mlangoni mwa ofisi ya mwajiri.

Nitaeleza. Katika Rwanda kuna mfuko wa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Ni mfuko wa zamani, ulianza na ile Caisse Sociale ya mwaka 1962, na leo uko katika mikono ya RSSB. Anayelipa ni mwajiri, asilimia 2 ya mshahara; mfanyakazi hakatwi hata faranga moja kwa ajili yake. Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa wa kazi, mfuko huo unatakiwa kumtibu, kumlipa siku alizoshindwa kufanya kazi, na akibaki na ulemavu, kumpa pensheni.

Sasa tazameni. Mashine ikikata kidole, watu wote wanaona, damu iko chini, kapita anakimbia, karatasi inaandikwa. Lakini vumbi halipigi kelele. Vumbi la mawe likiingia katika mapafu linakaa humo miaka kumi, miaka ishirini, na linaendelea kuharibu hata baada ya mtu kuacha kazi. Ili ugonjwa huo uitwe ugonjwa wa kazi, lazima daktari aandike hivyo. Na daktari hawezi kuandika asichokiuliza. Asipouliza, mgonjwa anaandikiwa kikohozi. Anatibiwa kwa mituweli, hospitalini anatoa asilimia 10 yake kutoka mfukoni, siku alizolala hazilipwi, na ule mfuko wa mwajiri haujui hata kama mtu huyo yuko duniani.

Nimemfahamu mzee mmoja aliyepasua mawe miaka mingi. Jina lake silitaji, wala mahali alipofanya kazi, wala mahali alipotibiwa. Alikohoa. Akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Akapewa dawa ya kikohozi, akarudi, akapewa nyingine. Katika daftari lake la matibabu, ambalo nimelishika kwa mikono yangu, kumeandikwa umri, kijiji, uzito na homa. Kazi yake haikuandikwa popote. Wote waliompokea walikuwa watu wa heshima, walimhudumia vizuri. Hawakuuliza tu.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi: wachimba madini, waashi, wafinyanzi, wafua nguo, hata wale wanaosafisha vyoo. Aliwaambia madaktari wenzake kwamba kwa maswali waliyorithi kwa wazee wao waongeze moja: mgonjwa afanya kazi gani? Ni zaidi ya miaka 300 sasa.

Kama mtu anadhani hilo ni swali dogo, akumbuke mwaka 2024 hapa kwetu. Mwezi wa Septemba ulitangazwa ugonjwa wa Marburg. Watu 66 waliugua, 15 wakafa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wauguzi na madaktari. Wachunguzi walipofuata nyayo za ugonjwa mpaka mwanzo, walifika kwa mchimba madini aliyefanya kazi katika shimo lenye popo. Ugonjwa ulitoka kazini! Ulianza na mfanyakazi, halafu ukawaangukia wafanyakazi wengine, wale wa hospitali. Mimi nasema mbele ya mchimba madini mwenye homa, swali la kazi ni la kwanza, thermometa inafuata.

Turudi kwenye shule za madaktari. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963, na udaktari ulikuwa kati ya masomo yake ya mwanzo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, madaktari na wauguzi wengi waliuawa na wengine wakakimbia. Nchi ikabidi ianze karibu upya. Kazi iliyofanyika tangu hapo ni kubwa na mimi sitaidharau. Mwaka 2012 ulianzishwa mpango wa kuleta walimu kutoka vyuo vya Marekani wafundishe pamoja na walimu wetu. Huko Butaro, kaskazini, kuna chuo kipya cha afya kilichoanzishwa mwaka 2015, ambacho tangu mwanzo kilisema mwanafunzi ajifunzie kijijini karibu na maskini. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ikatangaza mpango wa kuongeza watumishi wa afya mara nne katika muda wa miaka minne. Na vijijini tuna wale washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, walioanza mwaka 1995 na sasa ni zaidi ya 45,000.

Vizuri sana. Lakini mara nne ya madaktari wasiouliza ni mara nne ya madaftari yasiyo na kazi ya mgonjwa. Wakati wa kusema ni sasa, maana masomo yanapangwa sasa na wanafunzi ni wengi. Mwanafunzi wa udaktari hupelekwa hospitali za wilaya kujifunza kazi. Basi akija Rusizi, akifika Gihundwe au Mibilizi, kwa nini asitolewe siku chache wodini akaja kwetu? Aingie kwenye chumba cha kukaushia majani ya chai apumue lile vumbi. Asimame na wanawake wa mpunga Bugarama, maji mpaka magotini tangu asubuhi. Amtazame kijana mwenye bomba la dawa mgongoni, anayepulizia bila kinga ya pua wala glavu. Siku kijana huyo atakapoletwa anatapika, jasho linamtoka, kichwa kinamwuma, daktari huyo atakumbuka kwamba sumu ya kuulia wadudu na malaria zinaweza kufanana machoni, lakini tiba yake si moja.

Nimesikia jibu: madaktari ni wachache, mstari wa wagonjwa ni mrefu, hakuna nafasi ya maswali. Kuuliza "unafanya kazi gani, tangu lini?" ni muda wa kufunga kiatu. Kumtibu mtu miaka sita kwa ugonjwa asio nao ndiko kunakomaliza nafasi.

Upande wa uchunguzi nao una maneno yake. Watu wa Rusizi si wageni kwa wachunguzi. Desemba 2019, Ebola ilipokuwa inaua watu ng'ambo, katika Kongo, chanjo ya sindano mbili ililetwa katika wilaya mbili, Rubavu na yetu, kwa sababu sisi tunavuka mpaka kila siku kwenda Goma na Bukavu. Mpaka kazi hiyo inakwisha mwaka 2021, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamechanjwa. Mtu alichomwa mara ya kwanza, akarudi baada ya siku 56 kwa ya pili, na waliorudi ni wengi sana. Msemaji yeyote anayedai kwamba maskini hafuati matibabu, mwelezeni habari hiyo.

Tena mwaka 2018 wachunguzi wa Rwanda na wenzao walipima dawa ya malaria tunayoijua wote, ile Coartem, kwa watoto wa mahali patatu: Masaka, Rukara, na Bugarama yetu. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Dawa ilikuwa bado inaponya watoto walio wengi, lakini kule Masaka na Rukara vijidudu vilikuwa vimeanza kuchelewa kufa. Habari hiyo ilitikisa madaktari wa Afrika yote. Imeandikwa kwa Kiingereza katika gazeti la madaktari. Mama wa Bugarama ambaye mtoto wake alitoa damu, na ambaye asubuhi yuko kwenye mpunga na mbu wake, atalisoma wapi gazeti hilo?

Silaumu uchunguzi huo. Ulikuwa mzuri na wa lazima. Ninachosema ni hiki: ugonjwa unaoweza kupanda ndege unatafutwa kwa bidii mpaka kwetu, na fedha zinapatikana. Ugonjwa unaobaki ndani ya kifua cha mpasua mawe mmoja mmoja hautishi mtu wa mbali, basi nao hupata wachunguzi wachache. Sisi tunaoukohoa ndio wa kuudai.

Wapo waliodai wakapata. Katika Chile mwaka 1939 Salvador Allende, daktari aliyekuwa Waziri wa Afya, aliandika kitabu kueleza kwamba afya ya wananchi wake ilifungwa na mishahara yao na nyumba zao. Mwaka 1968 nchi hiyo ilipata sheria ya bima ya lazima kwa ajali na magonjwa ya kazi. Katika Brazil, katiba ya mwaka 1988 imetaja afya ya mfanyakazi kati ya kazi za huduma ya afya ya taifa, na sheria ya mwaka 1990 ikaweka mabaraza ya afya ambamo nusu ya viti ni ya watumiaji wenyewe. Nusu! Sisemi Brazil ni peponi. Nasema mfanyakazi akiwa na kiti, mchunguzi hawezi kuondoka na damu yake bila kurudi kueleza ameona nini.

Na sisi wenyewe tuseme ukweli, kuna la kwetu. Wengi wetu tunaficha. Kibarua akikohoa anageuza uso kapita asimwone, maana akiandikwa mgonjwa kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Namwelewa, ana watoto. Lakini kwa sababu hiyo haifai mtu mmoja mmoja aende kulalamika peke yake. Wajumbe wa wafanyakazi ndio wapeleke, kwa hesabu, bila majina: katika idara hii watu kadhaa wanakohoa, wana miaka kadhaa kazini. Kamati ya usalama na afya ya kazini imewekwa kwa amri ya waziri. Mahali ambapo ipo kwa jina tu, iamshwe.

Kabla ya mkutano ujao wa wajumbe, kila mjumbe achukue daftari la shule, lile dogo. Aandike idara, aina ya vumbi au dawa inayotumika, jina lililo kwenye kopo la dawa hiyo kama lilivyochapishwa, na idadi ya wenzake wenye kikohozi, upele wa mikono au macho yanayowasha. Tutayaunganisha kwa wilaya nzima na kuomba kikao na wakuu wa hospitali zetu mbili na wa chuo. Na wewe unayekwenda kituo cha afya wiki hii, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi kazi yako na mwaka uliyoianza, na umwombe kwa adabu aiandike ndani ya daftari la matibabu, mbele ya macho yako.