BARUA YA KUJIELEZA SI DAWA YA MTUMISHI ALIYEELEMEWA

Imekuwa ni desturi iliyoota mizizi katika ofisi na shule zetu kwamba mtumishi anapoanza kulegea kazini, jambo la kwanza linalomfikia si swali, bali ni barua. Barua hiyo humtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Ya pili huwa ni ya onyo. Baada ya hapo shauri hupelekwa kwenye mamlaka ya nidhamu, jalada likafungwa, na mkuu wa kazi akajipongeza kwamba ametimiza wajibu wake. Huu, ndugu zangu, si uongozi. Huu ni umangimeza.

Nilipata kufundisha shule moja na mwalimu wa hisabati ambaye wanafunzi walimpenda na wazazi walimheshimu. Mwaka mmoja alianza kuchelewa, kisha akawa anakosa vipindi, na mwishowe akaonekana asubuhi akinuka pombe. Aliandikiwa barua tatu. Hapana hata mmoja miongoni mwetu, nami nikiwamo, aliyeketi naye akamwuliza yaliyomsibu. Alipokwisha kufukuzwa ndipo tulipopata habari kwamba alikuwa amekopa fedha za kumtibia mama yake kwa wale wakopeshaji ambao watu huwaita kausha damu. Kadi yake ya benki ilikuwa mikononi mwao, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake ulitoka wote kabla hajaugusa. Aliona haya kusema. Shule ile ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa hisabati. Je, ni nani aliyepata faida katika barua zile tatu? Si mwalimu, si watoto, wala si Serikali iliyogharimia masomo yake.

Wapo watakaojibu kwamba mambo ya nyumbani na yabaki nyumbani. Hoja hii ni nyepesi. Binadamu hawezi kuvua huzuni yake mlangoni mwa ofisi kama anavyovua kofia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara inayokaribia dola za Marekani trilioni 1. Hasara hiyo mwajiri huilipa apende asipende. Huilipa kwa majalada yasiyosogea, kwa madarasa yasiyo na mwalimu, na kwa gharama ya kumtafuta na kumzoesha kazi mtu mpya. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika utumishi wa umma ukuta huo hujengwa kwa fedha za wananchi.

Wapo pia wanaodai kwamba ushauri nasaha kazini ni anasa ya kigeni. Hao wamesahau historia yao wenyewe. Ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukitumalizia walimu, wauguzi na makarani, tulijifunza kwamba vitisho havimponyi mtu, na kwamba mgonjwa anayesikilizwa hurudi kazini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ilimtaka kila mwajiri awe na mpango wa kupambana na ugonjwa huo mahali pa kazi. Ikiwa tuliweza kumketisha mtumishi na kuzungumza naye kwa siri juu ya virusi, tunashindwaje kuzungumza naye juu ya madeni, ulevi, msiba au ndoa inayovunjika? Tena, katika shule zetu mwalimu hupewa kazi ya malezi na ushauri kwa wanafunzi. Mwalimu huyo huyo akielemewa, nani atakayemshauri yeye?

Lakini nisieleweke vibaya. Upo ushauri ambao ni kilemba cha ukoka. Mwaka 1936 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilianzisha mpango wa washauri katika kiwanda chake cha Hawthorne, karibu na Chicago. Washauri walizunguka karakanani wakiwasikiliza wafanyakazi kwa upole, lakini hawakuwa na mamlaka ya kurekebisha jambo lolote. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba mfanyakazi alisaidiwa kuyazoea matatizo badala ya kuondolewa. Mpango ule ulidumu kama miaka 20, kisha ukafa. Hatutaki ushauri wa namna hiyo. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja na zaidi katika chumba kimoja, asiyelipwa malimbikizo yake, hahitaji kufundishwa namna ya kuvuta pumzi. Anahitaji darasa la pili na haki yake. Mkuu wa kazi anayewatukana walio chini yake asiletewe mshauri wa kuwatuliza aliowatukana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi juu ya majivuno na dharau, na onyo hilo halijachakaa.

Ushauri wa kweli una masharti yake. Kwanza, mshauri awe mtu aliyefunzwa kazi hiyo, wala asiwe mkuu wa kazi au afisa utumishi, kwa maana hapana mtu atakayeungama mbele ya yule anayeshika jalada lake. Pili, yatakayosemwa yasiingie jaladani kamwe. Siri ikivuja mara moja tu, chumba cha mshauri kitabaki na buibui. Tatu, mshauri awe na njia ya kumpeleka mgonjwa hospitali, na mwenye madeni kwa anayejua sheria. Nne, matatizo yanayojirudia kwa watu wengi yafikishwe kwa wakuu bila kutaja majina, nao wawajibike kuyajibu.

Haya hayafuti nidhamu. Utoro wa zaidi ya siku tano utabaki kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na mvivu wa makusudi hana budi kuondoka. Tunachodai ni kwamba swali litangulie barua. Halmashauri zetu zinao maafisa ustawi wa jamii. Waongezwe mafunzo, wapewe chumba chenye mlango unaofungika, na fungu lao liandikwe katika bajeti badala ya kusubiri hisani ya mkurugenzi.

Nasi watumishi tuache kuoneana haya. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kesho asubuhi, ndugu mwalimu mkuu, ndugu mkuu wa idara, kabla hujaitia sahihi barua iliyo mezani pako, mwite mwenye jina hilo. Mpe kiti, umwulize ana nini, kisha unyamaze umsikilize.