Nyundo ya jirani yangu

Samahanini kwa kimya cha wiki mbili, kuna programu ya mteja ilikataa kutulia. Leo siandiki habari za kompyuta. Au labda naziandika.

Chini ya ninapokaa hapa Kawangware kuna fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Jana stima zilipotea nikashuka kumtazama. Anakunja ukingo wa bati kwa nyundo huku akibishana na mteja kuhusu bei. Macho kwa mteja, nyundo kwa bati. Hakosei!

Katika miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein aliwafunga mafundi taa ndogo mikononi akawapiga picha wakigonga nyundo. Kila pigo, bega na kiwiko vilipita njia tofauti kidogo, ila nyundo ilitua karibu pale pale. Kumbe ubongo haurudii kanda iliyorekodiwa. Unashika lengo, na viungo vinasahihishana njiani.

Kwa sisi waandika programu hili ni balaa. Toka bega hadi kifundo mkono una namna 7 za kujongea, vidole bado hatujavihesabu, kwa hiyo njia za kufika mahali pamoja hazina mwisho. Tena habari za macho huchelewa zaidi ya sekunde 0.1. Ukingoja uone ndipo usahihishe, umeshapiga kidole. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, husaidia kukisia mkono utakuwa wapi kabla haujafika. (Nikitakiwa kuandika kitu kama hicho nitadai mshahara mara tatu.)

Mwaka 1997 kompyuta ilimshinda Kasparov kwenye sataranji. Roboti wa kukunja bati huku akibishana bei sijamwona mpaka leo. Halafu kazi hii ndiyo tunayoiita ya watu wasio na ujuzi, na tunailipa hivyo hivyo! Mimi nasema ni uongo, na sisi wa kompyuta tunaujua kuliko wengine.

Stima ziliporudi mzee akaniambia, "Kijana wangu, mfunze huyu mtoto kompyuta, asije akawa kama mimi. Mimi sijui kitu."

Nilikuwa karibu kuitikia tu. Nikamwambia, "Mzee, nitamfunza, lakini na wewe unifunze nyundo." Akacheka, akanipa kipande cha bati.

Haya yote nimeyaandika kwa vidole tisa.