Programu huria na lugha ya pwani ya Cabo Delgado

Watetezi wa programu huria husisitiza haki ya kuikagua programu, kuirekebisha na kuigawa. Katika Palma na Mocímboa da Praia, ambako wenyeji huzungumza Kimwani na Kiswahili ilhali ofisi hutumia Kireno, haki hiyo si nadharia tu. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili bila kusubiri hisani ya kampuni yoyote. Microsoft ilifuata baadaye. Hata hivyo Word ya Kiingereza iliendelea kutawala: ndiyo iliyofundishwa, ndiyo waajiri walioitaka. Leseni huria inakiruhusu Kimwani pia kupata programu yake. Ugumu ni kumpata mwalimu atakayeifundisha, na ofisi itakayoipokea barua iliyoandikwa humo.