LUGHA ZA TARAKILISHI NAZO ZINA WENYEWE

Wasomaji wapenzi, kabla hamjakimbilia kurasa za mashairi nipeni dakika chache. Mimi ni mwanachama wa vyama viwili hapa shuleni, Chama cha Kiswahili na kile cha Tarakilishi. (Najua kuna watakaosema ngamizi, na jirani zetu wa Tanzania husema kompyuta. Sigombani na mtu.) Nilipoingia hicho cha pili nilidhani nimeukimbia ubishi wa ngeli na lahaja. Wapi! Huko nako ni lugha tupu, na wenyewe hugombana kutushinda sisi.

Mgeni akija akauliza, "Nianze na lugha gani?" basi moto umewaka. Huyu atasema Python, yule atasema C, na wa tatu ataapa kwamba bila JavaScript hakuna maisha. Baada ya dakika kumi mgeni kasahaulika, na akithubutu kuuliza tena anachekwa. Eti hata hilo hujui? Muhula uliopita wageni walijaa hadi viti vikapungua. Leo wamebaki wachache, na si hesabu iliyowafukuza.

Maoni yangu ni kwamba swali la lugha ipi bora tumelipa uzito usio wake. La maana zaidi ni kama wenye lugha hiyo wanajua kumpokea mtu.

Tuelewane kwanza. Mashine yenyewe haijui Python wala C. Inachojua ni sifuri na moja. Maneno kama "if" na "print" yaliwekwa kwa ajili yetu sisi binadamu. Kuna mama mmoja Mmarekani, Grace Hopper, ambaye katika miaka ya 1950 aliwaonyesha wakubwa wake kazini kwamba programu ileile inaweza kuandikwa kwa maneno ya Kiingereza, ya Kifaransa au ya Kijerumani. Wakubwa walishtuka! Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwao lilikuwa jambo lisilowezekana, tarakilishi iliyoundwa Pennsylvania ielewe Kifaransa. Kumbe mashine haikujali. Tungeweka "ikiwa" na "andika" isingenung'unika pia.

Sasa ikiwa lugha hizi ni za watu, basi hupendeza na kuchosha kama watu. Chukua Python. Mholanzi Guido van Rossum alianza kuitunga mwishoni mwa mwaka 1989, akaitoa 1991. (Jina halikutokana na chatu, bali na kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python.) Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, hata wakamtania kwa kumwita dikteta mwema wa maisha.  Lakini mwaka 2018 ukazuka mzozo juu ya alama moja ndogo, nukta mbili zikifuatwa na alama ya sawasawa, inayomwezesha mwandishi kuipa thamani jina katikati ya usemi. Guido aliikubali alama hiyo, lakini maneno aliyorushiwa yalimchosha hivi kwamba mwezi wa Julai akajiuzulu. Tangu 2019 kazi ile inafanywa na baraza la watu watano wanaopigiwa kura. Alama moja, jamani! Hata sisi hatujafika huko kwa ajili ya "ngamizi".

Mwaka huohuo wa 2018, mwezi wa Septemba, Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, aliomba radhi hadharani kwa maneno makali aliyozoea kuwaandikia wenzake, akapumzika kwa muda. Nao Stack Overflow, mahali ambapo tangu 2008 waandishi wa programu wameulizana na kujibiana, walikiri mwaka huo kwamba wengi, hasa wageni na wanawake, walipaona kuwa pa uadui.

Rafiki yangu mmoja hunibishia. Anasema ukali ndio ulioifanya Linux kuwa imara, na kwamba kazi mbovu haina budi kuitwa mbovu. Sawa kabisa. Mwalimu wetu wa Kiswahili naye huijaza insha wino mwekundu hadi ukaona haya kuifungua, lakini sijamsikia akimwambia mwanafunzi lugha hii si yako. Hapo ndipo tofauti ilipo, na rafiki yangu hujifanya haioni.

Wengine wananiambia, ya nini taabu hiyo? Siku hizi unaiuliza akili bandia, haichoki wala haikucheki. Ni kweli, hata mimi huitumia. Lakini nayo ilijifunza kwa kusoma mengi ambayo watu waliwaandikia wenzao, yakiwemo majibu waliyopewa wageni wenye maswali ya kijinga. Tukiacha kujibizana, itasoma nini kesho?

Na sisi wa Kiswahili tusijitie usafi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ilhali Kimvita kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji tangu karne iliyotangulia. Malalamiko hayajaisha hadi leo. Hata hivyo kule bara Kiswahili kilisemwa kwa lafudhi za kila namna, kikaishi. Ingekuwa kila mpagazi alichekwa hadi akanyamaza, sijui makala haya ningeyaandika kwa lugha gani.

Nimemkabidhi katibu wa Chama cha Tarakilishi pendekezo langu kwa maandishi. Kila mkutano awepo mwanachama wa zamu, kazi yake kumjibu mgeni kwanza, kwa lugha yoyote aijuayo. Ubishi uanze mgeni akishapata programu yake ya kwanza ikafanya kazi. Kura zitapigwa muhula ujao. Watu wa C nao wanakaribishwa.